Machungwa ya Matawi ya Chini

Jumapili, mwezi wa tano. Manyunyu tangu alfajiri, na kile kibaridi cha Nyamwaga kinachoingia magotini.

Sijaenda kanisani. Nimempigia simu mama mchungaji nikamwambia magoti yananiuma, na kweli yananiuma, lakini si hayo yaliyonibakiza nyumbani. Nimebaki kwa sababu sitaki kukaa benchi moja na watu walionisikia jana mkutanoni, wanitazame kisogoni wakati wa maombi.

Nianze kwa kukiri. Wiki tatu zilizopita niliandika hapa habari za "jirani mmoja" anayeniharibia michungwa kwa sumu. Sikumtaja jina, nikajiona mstaarabu. Lakini nilisema anauza uji wa wimbi gulioni, na wauza uji wa wimbi tunaowafahamu huku ni wawili, mmoja ameshahamia Mugumu kwa mwanawe. Hata mtoto wa chekechea angejua ninamsema nani.

Ni Mama Robhi.

Asubuhi hii nimefungua simu ili nifute yale maandishi. Kidole kilifika kabisa kwenye alama ya kufuta, nikakiondoa. Yabaki. Niliyoyasema kwa mdomo wangu hayana pa kubonyeza yakafutika, sioni kwa nini haya ya kwenye simu yapate bahati hiyo.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni muuguzi mstaafu. Nilimalizia kazi kwenye zahanati moja upande wa Genkuru, na mpaka leo wengi wananiita Sista. Mume wangu ametangulia. Aliniachia nyumba hii na michungwa arobaini aliyoipanda mwenyewe kwenye mteremko nyuma ya jiko, tukiwa bado maharusi. Ndiyo inayonilisha kuliko pensheni.

Na mimi ni mtu wa kushuku. Silisemi kwa kujisifu, nalisema kama mtu anavyosema ana presha. Kabla ya kulala nahesabu kuku. Watu wawili wakinyamaza ninapokaribia, najua walikuwa wananisema mimi. Marehemu alikuwa akinitania kwamba naweza kumshuku hata mbuzi kwa kucheua. Nilicheka, kisha nikajiuliza kwa nini ametaja mbuzi.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Huku kwetu kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika popote. Tunda lililo tawini ni la mwenye mti. Likishaanguka lenyewe, ni la aliyelikuta. Huombi ruhusa. Unapita, unainama, unaokota, ukikutana na mwenye shamba mnasalimiana na safari inaendelea. Na mavuno yakishakwisha, mbuzi wa jirani wanaruhusiwa kuingia, wanakula nyasi na yale majani yanayoning'inia karibu na ardhi. Nimelikuta jambo hilo nilipoolewa, na sikuwahi kumsikia mtu akilijadili.

Mama Robhi alikuwa wa kwanza kupita kila asubuhi, na beseni lake la bluu. Machungwa mabovu aliwapelekea nguruwe wake. Mazima aliyakamua, maji yake akatia kwenye uji badala ya ndimu, na ndiyo maana watu walikuwa wanatoka mbali kuufuata uji ule. Mbuzi wake wanne nao waliingia kila msimu ulipokwisha. Tulikaa hivyo miaka ishirini na saba.

Mwaka jana nilikwenda Musoma kwa binti yangu Ghati, alikuwa amejifungua. Nikakaa wiki tatu. Nilivyorudi niliiona miti imekuwa myepesi, na chini nikakuta majani mabichi. Nikasimama pale na begi langu mkononi, nikawaza: chungwa linaloanguka lenyewe haliji na jani bichi. Huyu mtu anatikisa miti yangu.

Baadaye sana nilikuja kusikia kwamba nikiwa Musoma ilinyesha mvua ya mawe. Wakati huo hakuna aliyeniambia, na mimi sikumuuliza mtu. Mtu wa kushuku hana maswali, ana majibu.

Mwezi ule ule nikazungushia shamba seng'enge, nyuzi tano, na geti lenye kufuli. Mti mmoja wa pembeni, ulio karibu na njia, ukabaki nje kwa sababu nguzo zilipungua. Siku ya pili Mama Robhi akaja na beseni lake kama kawaida. Nilikuwa jikoni, nikamwona amesimama anaitazama ile waya.

"Mama Ghati," akaniita, "hii seng'enge ni ya ng'ombe au ni yangu?"

"Ni ya wezi," nikamjibu.

Alilihamishia beseni mkono wa pili. Kisha akasema, "Haya. Kaa na machungwa yako. Uyale peke yako, tuone kama utayamaliza." Akageuka, akaenda zake na beseni likiwa tupu.

Maneno yale niliyabeba kifuani miezi saba. Nikiwa napika, nayasikia. Nikiwa nasali, nayasikia. Niliona mtu hawezi kusema hivyo bila kuwa na jambo alilolipanga.

Halafu masika ya mwaka huu yakaja, na mvua ikanyesha hasa. Machungwa yalipoanza kubadilika rangi, nikaona doa la kwanza. Lilikuwa rangi ya chai iliyozidi majani, upande ule wa chungwa unaotazama ardhi. Halikuwa laini kama uozo wa kawaida, lilikuwa gumu kama ngozi ya kiatu. Ukilinusa, linakupiga na harufu kali ya uchachu. Asubuhi zenye ukungu ungeona juu ya doa utando mweupe, mwembamba kama pamba iliyochambuliwa. Siku chache baadaye chungwa linadondoka.

Kilichonishtua si uozo wenyewe. Kilichonishtua ni kwamba yalioza ya chini tu. Kuanzia ardhini mpaka usawa wa kiuno changu, karibu kila chungwa lilikuwa na doa. Juu ya hapo, safi kabisa.

Mwingine angejiuliza kuhusu ardhi. Mimi nilijiuliza ni mtu gani anafanya kazi akiwa ameinama.

Nikajenga kesi yangu kama polisi. Anayetaka kuweka sumu bila kuonekana hawezi kusimama wima, atachuchumaa. Kwa hiyo atafikia matawi ya chini tu. Nikatafuta nyayo, nikazipata, nyayo za mabuti ya mpira, zimejaa chini ya miti. Mama Robhi hana mabuti, nikasema ameazima. Nikauangalia ule mti uliobaki nje ya seng'enge. Ulikuwa mzima mpaka tawi la mwisho, hauna doa. Nikasema bila shaka, mti wanaoula wao hawawezi kuutia sumu.

Kila nilichokiona kilikubaliana nami. Hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi, lakini wasiwasi wangu wote ulikuwa umeshapata mtu wake.

Binti wa binamu yangu, Wegesa, huwa anavuka kutoka Isebania kununua machungwa yangu na kuyapeleka Migori. Mzigo wa kwanza nilimfungia magunia mazuri. Nikachanganya na yale yaliyoanguka lakini yalionekana mazima, maana sikutaka yapotee. Wiki iliyofuata alirudi amenuna. Alisema alifungua magunia akakuta yameoza mpaka katikati, hata yale aliyoyaona safi kwa macho yake siku ya kupakia.

"Aunty, hizi siwezi beba tena," akaniambia. "Watu wa Migori wataniona mimi ndio nawauzia uchafu. Kwanza jua shida ni gani, halafu unipigie."

Alipoondoka nikafanya jambo ambalo leo linanifanya niandike. Nikaenda kwa mama mchungaji, nikamwambia kwamba kuna sumu shambani kwangu na ninajua imetoka kwa nani. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikamwambia hivyo hivyo, nikiwa nimevaa gauni langu la kazini la zamani. Sijui kwa nini nililivaa. Yaani najua. Nilitaka aniamini kama Sista.

Akaniamini. Alisema Jumamosi ya wiki ya pili ataitisha mkutano, Mama Robhi aje ajieleze, na ikionekana ni kweli hataruhusiwa tena kuuza gulioni kitu chochote cha kutia mdomoni. Mama Robhi ni mjane kama mimi, ila yeye hana pensheni wala michungwa. Ana sufuria la uji.

Neno sumu halikungoja Jumamosi. Gulio la Alhamisi iliyofuata nilipita kununua dagaa, nikamwona amekaa nyuma ya sufuria lake limejaa, mchana wote ule, na upawa mkononi. Watu walikuwa wanapita mbele yake kwenda kununua soda. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake mkono.

Nakiri hapa kwamba nilifurahi. Niliona haki inaanza kutendeka.

Mwenyekiti, kwa kutaka mambo yaende kwa utaratibu, akamtuma bwana shamba aje achukue sampuli ya hiyo sumu. Bwana shamba wetu anaitwa Mhina, kijana wa Muheza, ambaye kabla ya kuletwa kwetu alikuwa upande wa Manchira akifundisha watu wa bustani. Kiswahili chake ni laini mno. Kwetu mtu akiongea laini namna ile, unaangalia anataka kukuuzia nini.

Aliniamkia, akavua viatu getini, akaomba ndoo ya maji ya sabuni, akaviosha nyayo kabla ya kuingia. Nikamwuliza anaogopa nini. Akasema haogopi, ila matope husafirisha mambo. Akayatazama machungwa. Hakutazama sana. Alilichukua moja, akalinusa, akacheka kidogo kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

"Huyu namfahamu, mama. Sisi kwetu tumelelewa na michungwa. Hii siyo sumu, ni ugonjwa, tunauita kuoza kahawia."

"Nani amekutuma uniambie hivyo?" nikamwuliza.

"Mwenyekiti ndiye aliyenituma, mama. Ila hakuniambia niseme nini."

Akanieleza kwamba kuna vimelea vinaishi kwenye udongo, vinapenda maji kupita kiasi. Udongo ukilowa siku nyingi vinazaana, tone la mvua likipiga chini linarusha matope, na matope yale yakitua juu ya chungwa linaloiva, basi vimeingia. Ndiyo maana ya chini ndiyo yanayoanza, kwa sababu matope hayarukii juu sana. Chungwa likioza na kuanguka, linaongeza vimelea pale pale chini ya mti, na mvua inayofuata inarusha vingi zaidi. Chungwa linaweza kuonekana zima leo nalo tayari limeshaingiwa, ukalifunga gunia moja na mengine, likayamaliza yote njiani.

Yote yalikuwa na maana. Na kwa sababu yalikuwa na maana, nikazidi kumshuku. Nikamwuliza kwa nini hivyo vimelea vilisubiri mpaka nizungushie seng'enge.

Akatazama chini ya mti wetu. Machungwa yalikuwa yamelala pale tabaka juu ya tabaka, ya wiki hii juu ya yale ya wiki iliyopita. Mimi sikuwa nayaokota kwa sababu ya magoti, na wengine niliwafungia geti.

"Kabla ya seng'enge, mama, yaliyokuwa yanaanguka alikuwa anayaokota nani?"

Nilihisi amefundishwa kuuliza swali lile. Nikawaza labda amekwishakunywa uji kule kwa Mama Robhi.

Nadhani aliona usoni. Akaniuliza kama ningependa kupima mwenyewe, bila yeye kugusa kitu. Akanielekeza. Beseni la kwanza nitie udongo wa chini ya mti ulioathirika, na maji. Beseni la pili nitie maji niliyoyachemsha mwenyewe yakapoa. Nichume machungwa mawili ya juu kabisa, yasiyo na doa, niyaoshe, nitumbukize moja kila beseni, nisubiri siku tano au sita.

Sasa hapo alikuwa amenipata. Kitu cha kuchemsha na kungoja ndicho nilichokifanya maisha yangu yote. Nilichagua machungwa mimi, si yeye. Niliyachuma kwa ufito mrefu wenye ndoano. Mabeseni nikayaweka kwenye stoo, nikafunga madirisha, nikafunga mlango, na ufunguo nikautia kwenye kamba nikauvaa shingoni chini ya nguo. Niliupandisha kitandani, nilioga nao. Hakuna binadamu aliyeingia stoo ile isipokuwa mimi.

Ijumaa asubuhi nilifungua mlango. Harufu ilinipokea kabla sijaona kitu.

Chungwa la kwenye maji ya kuchemsha lilikuwa linang'aa kama nilivyoliacha. La kwenye udongo lilikuwa na doa rangi ya chai, kwenye ule upande uliozama. Nikalibonyeza. Gumu kama ngozi.

Nilikaa juu ya gunia la mahindi na ufunguo wangu shingoni. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumshuku.

Wakati wa kazi nilikuwa na maneno makali sana kwa akina mama. Mama analeta mtoto wa degedege amechelewa siku tatu kwa sababu kwanza walikuwa wanatafuta ni jirani gani amemwangalia vibaya. Nilikuwa nawafokea mbele za watu. Nawaambia ugonjwa hauna sura ya jirani yako. Nilisema hivyo mara nyingi kiasi kwamba wauguzi wadogo waliniiga wakicheka. Na mimi nimeona doa kwenye chungwa, nikaiona sura ya Mama Robhi.

Nikatoka kwenda shambani, nimevaa mabuti yangu. Nilikuwa nimefika mti wa tatu nilipogeuka nyuma nikaona nyayo zangu zinanifuata kwenye matope. Ni zile zile. Nilizipiga picha kwa simu hii hii wiki chache nyuma, kama ushahidi, nikiwa nimevaa mabuti yenyewe.

Nikaanza kuona mambo ambayo yalikuwapo muda wote. Matawi yamelala chini, yamejilaza kabisa kwenye matope. Zamani hayakuwa hivyo, mbuzi wa Mama Robhi walikuwa wanayala mpaka usawa wanaofikia, kila mwaka, bure, na mimi nikiwafukuza nusu nusu kwa adabu. Na chini kulikuwa kusafi kwa sababu ya beseni la bluu. Nikaenda kwenye ule mti wa njiani, ulio nje ya seng'enge. Chini yake hapakuwa na chungwa hata moja, wapita njia wameokota. Matawi ya chini yameliwa. Na machungwa yake safi.

Nilichokifungia nje kwa waya na kufuli ndicho kilichokuwa kinaniponyea shamba.

Ningeweza kunyamaza. Nalisema hili kwa sababu nililifikiria kwa nusu saa nzima nikiwa nimeshika waya. Nilimpigia Mhina, nikamweleza matokeo, halafu nikamwomba asimame yeye mkutanoni aseme ni ugonjwa tu, yaishe. Habari za seng'enge zisiingie.

"Nitasema ni ugonjwa, mama," akajibu, kwa upole wake ule ule. "Ila hilo neno la sumu sikulipeleka mimi. Mimi siwezi kulirudisha."

Jana Jumamosi watu walijaa. Mama Robhi alikuja amevaa vitenge vyake vya kanisani, akakaa mbele, mikono mapajani. Mwenyekiti akafungua mkutano. Mhina akasimama akasema yake, nikaona watu wanatazamana. Mzee mmoja akamkatiza: "Mura, kijana wangu, wewe si wa huku. Huku tunajua mti unavyoweza kufanyiwa." Wengine wakaitikia. Nikaelewa kwamba nikikaa kimya, maelezo yote ya Mhina yatapita juu ya vichwa vyao na Mama Robhi atatoka pale akiwa bado na sumu yangu.

Nikasimama.

Nilisema kwamba hakuna aliyetia sumu. Nilisema nimepima mwenyewe, nimefunga mlango mwenyewe, na ugonjwa umetokea mbele yangu. Nilisema machungwa yalioza kwa sababu nilikataza yasiokotwe na nikakataza mbuzi. Nilisema nyayo ni zangu. Nilisema nilimsingizia Mama Robhi kwa mwenyekiti, kwa mama mchungaji, na kwenye simu, na kwamba sikuwa na ushahidi wowote isipokuwa tabia yangu.

Kisha yule mzee akauliza, "Kwa hiyo uji wake tunaweza kunywa?"

Watu wakacheka, kicheko cha kupumua. Nami nikacheka kidogo. Mama Robhi hakucheka. Mwenyekiti akamwuliza kama ana neno. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Nimesikia," akasema. Akakaa.

Mkutano ukaisha.

Niandike na ya shamba, nisije nikajifanya nimeyasahau. Kesho nakata matawi yote ya chini mpaka yaachane na ardhi, usawa wa juu ya goti. Mhina ataleta msumeno. Yaliyoanguka yote tunayafukia kwenye shimo refu upande wa chini, mbali na miti, siyo kuyarundika kando kama nilivyokuwa nafanya. Ardhi ya chini ya miti tunaitandikia nyasi kavu ili tone la mvua lipige nyasi, lisipige udongo, ila nyasi zisikumbatie shina. Maji yanayotuama kwa juu tunayachimbia mfereji. Mvua zijazo zikikaribia, kabla hazijaanza, tutapulizia dawa ya shaba, ile ya buluu wanayotumia kwenye kahawa huku milimani, kwenye matawi ya chini, mashina na ardhi yenyewe. Machungwa nitachuma jua likishakausha umande, na lililoanguka haliingii tena gunia moja na lililochumwa. Ile dawa ya wadudu niliyoinunua Tarime, muuzaji akiniapia inaua kila kitu, ilikuwa haihusiani kabisa. Yule naye nina mashaka naye, lakini leo siyo siku yake.

Na seng'enge naifungua. Nimeshampigia fundi.

Asubuhi hii, wakati wenzangu wako kanisani, nilikwenda kwa Mama Robhi. Nilijua hataenda kusali, nami sijui nilijuaje. Nilipitia njia ya mbele kama mgeni, sikupitia nyuma ya jiko kama zamani. Alikuwa anapika. Akanitolea kiti, akakipangusa. Nikamwambia yale ya jana tena, safari hii kwake peke yake. Nikamwambia na lile la gulioni, kwamba nilimwona na sufuria limejaa nikafurahi. Aliendelea kukoroga.

"Robhi alisoma yale ya kwenye simu," akasema. "Akanisomea yote."

Nikamwambia seng'enge inafunguliwa kesho, aje na beseni. Akasema sawa, Mungu akipenda.

Kisha akachota uji, akaumimina kwenye kikombe cha bati. Akakiinua, akapiga funda moja mwenyewe, akameza, akapangusa ukingo kwa kiganja, akanipa.

Huku kwetu hivyo anafanyiwa mgeni. Mtu usiyemfahamu, asiyekufahamu, unaonja mbele yake ili aone kinywaji ni salama. Jirani haonjewi. Miaka ishirini na saba nimekunywa katika nyumba ile, nikiwa na mimba, nikiwa msibani, nikiwa nimegombana na mume wangu, na sikuwahi kuonjewa hata siku moja.

Alinifanyia hivyo bila hasira. Uso wake ulikuwa wa kawaida, kama mtu anayefanya kinachotakiwa.

Nilikunywa uji wote. Nilimshukuru. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasema, "Karibu tena, Sista."

Nimeshaandika karibu yote. Limebaki moja, na nimezunguka nyumba mara tatu nikitafuta namna ya kuliacha.

Ningependa kusema kwamba alipoonja niliumia. Niliumia, lakini baadaye, nikiwa njiani. Pale kwenye kiti, aliponyanyua kikombe, sikuona aibu wala huzuni. Nilimtazama koo mpaka alipomeza, ndipo nikanyoosha mkono.